Baiskeli Nyeusi ya Inchi 28 Kwenye Joto la Usangu: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Mtu wa mbali akisikia kwamba ninaishi Mkoa wa Mbeya hudhani kwamba mchana kutwa nimejifunika sweta, na kwa upande wa jiji lenyewe hajakosea sana, kwa kuwa Mbeya imekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mgongoni ina mlima Loleza wenye mita 2,656, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake hupenya hadi kwenye mifupa. Lakini ukishika barabara kuu ya kuelekea Makambako, ukapita Igurusi na Chimala, unakuwa umeteremka hadi Usangu, bonde pana la mpunga lililo juu kidogo ya mita 1,000, ambako ardhi imelala kama mkeka na jua la Oktoba halina huruma. Nilihamishiwa huko kikazi, nikapanga nyumba Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, na shule ninayofundisha iko kilomita 8 kutoka nyumbani kwangu kwa njia ya kandokando ya mfereji. Baiskeli ninayoitathmini hapa ndiyo iliyonipeleka na kunirudisha kwa mwaka mzima wa masomo, kiangazi na masika, na kwa hesabu yangu imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 2,500.

Ni ile baiskeli ambayo kila Mtanzania anaijua hata kama hajawahi kuipanda: nyeusi, ya magurudumu ya inchi 28, gia moja, breki za vyuma zinazovutwa kutoka kwenye usukani hadi kwenye ringi, madigadi ya bati mbele na nyuma, kifuniko cha mnyororo, karia nzito na stendi ya miguu miwili. Niliinunua mpya katika duka moja la Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa shilingi 280,000, ikasafirishwa kwa basi, na nilipoifikisha Rujewa niliomba kuipima kwenye mizani ya mashine ya kukoboa mpunga, ikasoma kilo 21. Uzito huo humtisha mnunuzi anapoinyanyua dukani. Kwenye tambarare uzito husumbua pale tu unapoanza kuondoka, na baiskeli ikishashika mwendo hauuhisi tena.

Sikuanza na hii. Nilikuja Usangu na baiskeli ya mtumba yenye gia 21 na springi mbele, ambayo nilikuwa naitumia vizuri kati ya Uyole na Sae, na niliamini kwamba chombo kinachoweza kupanda vilima vya Mbeya hakiwezi kushindwa na mahali pasipo na kilima. Ilinichukua miezi miwili kukubali kwamba nilikosea. Baiskeli ile humlaza mpandaji mbele, uzito wa mwili ukaegemea viganja na mgongo mzima ukatazama juu, kwa hiyo ifikapo saa tisa alasiri jua lilikuwa linanipiga kuanzia shingoni hadi kiunoni kama vile nimeanikwa. Mnyororo wake ulikuwa wazi, na vumbi jembamba la njia za mfereji liliuvamia, likachanganyika na mafuta na kuwa kama msasa, na baada ya muda gia zikaanza kuruka zenyewe. Springi ya mbele ilikuwa inameza nguvu zangu kwa kila mkanyago, na yale matairi yenye meno makubwa yalinguruma barabarani bila faida yoyote. Haikuwa na karia wala madigadi. Niliiuza kwa mtu wa Mbalizi ambaye, bila shaka, inamfaa zaidi.

Jambo la kwanza nililolihisi kwenye baiskeli nyeusi ni mkao. Usukani wake uko juu na umerudi nyuma kuelekea kwa mpandaji, hivyo unakaa wima kama uliyeketi kwenye kiti cha mezani, kichwa kikiwa juu na macho yakiona mbele bila kuikunja shingo. Jua la mchana likiwa utosini, mtu aliyekaa wima hupigwa kichwani na mabegani tu, na kofia ya ukili yenye ukingo mpana humkinga sehemu kubwa ya mwili. Mtu aliyeinama hana kofia inayoweza kumfunika mgongo. Tena kifua kinakutana na upepo, na katika nchi ya joto upepo huo ndio pumzi ya safari. Wenye mbio husema kwamba mkao wa wima hupoteza nguvu kwa sababu mwili unakuwa kama tanga linalozuia hewa. Ni kweli, lakini hasara hiyo ni ya mtu mwenye haraka, na kwenye joto la Usangu haraka yenyewe ndiyo kosa.

Mwendo unaofaa niliutafuta kwa makusudi kwa wiki kadhaa. Baiskeli yangu ilikuja na meno 44 mbele na 18 nyuma, na gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.2, kwa hiyo mzunguko mmoja wa kanyagio unakusogeza mita 5.4 hivi. Ukikanyaga mizunguko 45 kwa dakika, ambayo ni taratibu kabisa, unapata karibu kilomita 15 kwa saa, na kilomita zangu 8 zinaisha kwa dakika kama 32. Katika mwendo huo upepo unaojitengenezea mwenyewe unakausha jasho kadiri linavyotoka, na unafika ukiwa mkavu. Ukijilazimisha kufikia kilomita 20 kwa saa, nguvu inayohitajika kuisukuma hewa huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe, mwili unachemka kuliko upepo unavyoweza kuupoza, na unaingia darasani shati limeganda mgongoni. Gia moja ya baiskeli hii, kwa jinsi ilivyopangwa, inakukatalia yote mawili: haikuruhusu kukimbia sana wala haikuchoshi kwa mwendo wa kawaida. Mwanzoni niliiona gia moja kama upungufu. Sasa naiona kama ushauri mwema uliofungwa kwenye chuma.

Upepo wa mbele ndio pekee unaonifanya nitamani gia ya pili. Kuna alasiri za mwishoni mwa kiangazi ambapo tambarare yote haina mti wa kuzuia chochote na upepo unakuja moja kwa moja usoni pamoja na vumbi, na hapo ile hesabu ya dakika 32 inageuka kuwa dakika 50. Fundi wangu alinishauri nibadilishe jino la nyuma niweke la meno 20, nami nilifanya hivyo mwezi wa Septemba kwa gharama ndogo. Upepo ukawa mwepesi kidogo, ila mwendo wa asubuhi ukapungua. Nimeliacha hivyo hivyo, kwa kuwa asubuhi sina adui.

Anayenunua baiskeli kwa ajili ya nchi ya joto ajue pia kwamba hatari kubwa ya jasho haiko njiani bali pale anapofika. Unaposimama, upepo unakatika ghafla huku mwili bado unachemka, na jasho lote hutoka kwa pamoja. Nimejizoesha kupunguza mwendo katika nusu kilomita ya mwisho, kisha kusimama chini ya mwembe wa shule kwa dakika tano kabla ya kuingia ofisini, na tangu nianze hivyo sijalazimika kubeba blauzi ya kubadilisha. Maji nayafunga kwenye karia katika chupa ya lita moja na nusu iliyozungushiwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu kitambaa kikikauka kwa upepo kinaipoza chupa, na maji yanabaki na ubaridi wa mtungi hadi nifike.

Sasa nizungumzie miiba, kwa maana mtu asiyejua habari ya mbigili asijidanganye kwamba anaijua Usangu. Mbigili ni mmea mdogo unaotambaa ardhini, una ua la njano linalopendeza, na mbegu yake ikikauka inakuwa na pembe ngumu ambazo, vyovyote itakavyoanguka, moja wapo inatazama juu. Katika mwezi wa kwanza nilipata pancha sita. Matairi yaliyokuja na baiskeli yalikuwa mepesi mno, na hili nalihesabu kuwa kasoro ya kweli ya bidhaa, kwa sababu chombo kinachouzwa kama cha kazi hakipaswi kuvishwa raba inayotobolewa na mbegu ya maua. Fundi, mzee anayefanyia kazi zake chini ya mti karibu na soko, aliyatazama akatikisa kichwa.

“Mwalimu, hii baiskeli ni nzima, lakini wameivalisha ndala,” aliniambia. “Tafuta tairi nene, halafu ile ya zamani usiitupe.”

Tairi ya zamani aliikata kingo zake, akaitandika ndani ya tairi mpya kama bitana, kisha akaweka tyubu juu yake. Baiskeli ikawa nzito zaidi kidogo, na pancha zikapungua kutoka sita kwa mwezi hadi moja kwa miezi miwili. Nimejifunza kwake pia kwamba joto halipendani na viraka vilivyobandikwa kwa pupa. Solusheni isipoachwa ikauke hadi isinate kidoleni, kiraka kitashika asubuhi na kuachia saa saba mchana baiskeli ikiwa imesimama juani, wakati hewa ndani ya tyubu imepanuka na gundi imelainika. Kiraka cha moto, kile kinachounguzwa juu ya tyubu mpaka raba zishikane, hudumu zaidi, na kwa wakazi wa huku napendekeza kiraka hicho kila fundi mwenye vifaa anapopatikana. Baiskeli yenyewe iegeshwe kivulini daima. Jua huipasua raba hata kama haitembei.

Tandiko lililokuja nalo lilikuwa la plastiki nyeusi, na nadhani aliyelichagua hajawahi kuliacha juani kwa saa nne kisha akalikalia. Nililivumilia kwa muda kwa kulifunika na kipande cha khanga, halafu nikaagiza kutoka Mbeya tandiko la ngozi lenye springi mbili kubwa nyuma. Lilinigharimu shilingi 35,000, na katika fedha zote nilizotumia kwenye baiskeli hii hakuna zilizonipa raha ya haraka kama hizo. Mtu anayekaa wima huweka karibu uzito wake wote kwenye tandiko, kwa hiyo springi zinazostahili kuwepo ni za hapo, na zile za mbele nilizokuwa nikijivunia kwenye baiskeli ya mtumba hazikuwa na kazi hapa.

Kwa sisi wanawake kuna suala la bomba la juu la fremu. Baiskeli ya kiume, yenye bomba lililonyooka, ina nguvu zaidi chini ya mzigo, na ndiyo inayopatikana kwa wingi. Ile yenye bomba lililoshuka, ambayo wengi huiita ya kike, huwa haipo madukani au hupandishwa bei. Mimi nilinunua ya kiume kwa sababu hiyo tu, na kwa mwaka mzima nimelazimika kuvaa suruali chini ya gauni au kukunja sketi kwa namna ambayo mwalimu hapaswi kufanya mbele ya wanafunzi wake. Wauzaji waliangalie jambo hili kwa uzito. Huku bondeni wanawake wanaendesha baiskeli kwenda shambani, sokoni na zahanati, na hawapaswi kuhesabiwa kuwa wateja wa kubahatisha. Sifa moja naitoa kwa moyo wote: kifuniko cha mnyororo kinaokoa nguo. Sijachafua pindo hata mara moja, na vumbi linalofika kwenye mnyororo ni kidogo kiasi kwamba naupangusa kwa kitambaa kikavu kila Jumamosi na kuutia matone machache ya mafuta ya cherehani, basi.

Karia ndiyo inayoipa baiskeli hii heshima yake huku. Nimebeba madaftari ya darasa zima, nimebeba madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji wakati bomba la mtaa lilipokuwa limekatika, na baada ya mavuno nimeona vijana wakisukuma magunia ya mpunga juu ya baiskeli za aina hii bila fremu kupinda. Ile stendi ya miguu miwili huisimamisha wima hata ikiwa imebeba, jambo ambalo stendi ya mguu mmoja haiwezi. Ushauri wangu ni kuzikaza spoki za gurudumu la nyuma kabla ya kuanza kubeba, kwa kuwa zinatoka kiwandani zikiwa zimelegea. Nilizembea, na mwezi wa tatu spoki nne zilikatika kwa mpigo nikiwa katikati ya njia.

Duka nililonunulia lilinikosea katika jambo moja ambalo nalisema ili wengine wajihadhari. Baiskeli ilifungwa harakaharaka, na kotapini, ile pini inayoushikilia mkono wa kanyagio, ya upande wa kushoto haikugongwa ikakaa sawasawa, hivyo siku ya tatu mkono ulianza kucheza na baada ya wiki ulikuwa umekula chuma. Mnunuzi asiondoke na baiskeli mpya bila kupitia kwa fundi anayemwamini ili aifungue habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuitia grisi ya kutosha kwenye goroli, akaze kotapini, na kunyoosha ringi. Kazi hiyo ilinigharimu shilingi 10,000, na tangu hapo sehemu hizo hazijanisumbua tena.

Breki ni kasoro ninayoishi nayo. Katika kiangazi zinatosha, kwa sababu mahali pa tambarare hapana mteremko wa kukukimbiza na mwendo ni wa kiungwana. Mvua zikianza, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, vipira vya breki hukutana na ringi ya chuma iliyolowa na kuteleza juu yake kama sabuni, na unalazimika kuanza kufunga breki mapema sana kabla ya pale unapotaka kusimama. Zaidi ya hapo kuna ule udongo mweusi wa mbugani, ambao ukilowa hujikusanya chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nimewahi kubeba baiskeli hii ya kilo 21 begani kwa umbali wa viwanja viwili vya mpira, na sina neno jema la kusema kuhusu siku hiyo. Katika wiki za mvua kubwa natumia barabara ya changarawe, ingawa inazunguka kwa kilomita 3 zaidi.

Usiku siipendekezi bila taa. Dinamo haikuwemo kwenye bei, na tochi ya kichwani haimtoshi mtu anayekatiza barabara kuu ya TANZAM, inayopitisha malori ya kwenda na kutoka Tunduma usiku na mchana. Nimebandika viakisi vyekundu kwenye madigadi ya nyuma, na popote njia yangu inapogusa lami nashuka na kutembea pembeni.

Nimeulizwa na walimu wenzangu wa mjini kama wainunue. Jibu langu kwao ni hapana. Nilijaribu kuipeleka Mbeya wakati wa likizo, na kutoka Mafiat kupanda kuelekea mjini niliisukuma kwa miguu zaidi ya nilivyoiendesha. Iringa nayo, kwa anayetoka Ipogolo kupanda mjini, hadithi ni hiyohiyo, na Chimala ukiitazama ile barabara ya kona 57 inayopanda Matamba kuelekea Kitulo, unaona wazi mpaka wa kazi ya baiskeli hii: unakomea pale mlima unapoanzia. Huko juu gia nyingi zina maana. Lakini anayeishi Rujewa, Ubaruku, Igurusi au kwenye vijiji vya mifereji, na anayefikiria kukopa fedha za pikipiki kwa ajili ya safari ya kilomita 10 kila siku, ningemwomba kwanza aijaribu hii kwa mwezi mmoja.

Faida moja ambayo haionekani dukani ni vipuri. Umbo hili lilianzia Uingereza, viwanda kama Raleigh wa Nottingham wakalisambaza duniani, na baadaye India na China wakalichukua karibu bila kulibadilisha. Flying Pigeon wa Tianjin wanaliunda tangu mwaka 1950. Kwa sababu vipimo vilibaki vilevile, tairi, tyubu, vipira vya breki, pedeli na goroli za kampuni moja huingia kwenye baiskeli ya kampuni nyingine, na katika mwaka wangu wote sijawahi kulala na baiskeli mbovu kwa kukosa kipuri. Ile ya gia 21 ilikaa wiki tatu ikisubiri kifaa kimoja kutoka Mbeya.

Mwezi uliopita nilimtafutia binti yangu, anayeingia kidato cha kwanza, baiskeli ya aina hiyohiyo lakini yenye bomba lililoshuka, na ilinibidi kuisubiri siku 19. Safari hii nilifanya yote mapema: tairi nene zenye bitana, spoki zilizokazwa, kotapini zilizogongwa, tandiko la ngozi. Jumla ilifika shilingi 365,000. Tumemshushia tandiko mpaka nyayo zake ziguse ardhi anaposimama, na tumekubaliana kwamba atalipandisha kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Kilichobaki ni vipira vya breki, ambavyo nataka nivipate vile laini zaidi kabla ya mvua ya Desemba.